Msaada kwa mataifa maskini: watu hudhani nini, na kweli ni nini?

Tuanze nyumbani, maana mambo ya mataifa makubwa mara nyingi hufanana na mambo ya jamaa moja.

Baba fulani hupokea mshahara wa mwezi. Tuseme, ili hesabu iwe nyepesi, kwamba ni franki 100,000. Katika fedha hizo hutoa franki 1,000 kwa ajili ya mjane jirani, ambaye watoto wake hawana chakula. Mama wa nyumba amesikia habari ya msaada huo, lakini hakuambiwa kiasi chake. Moyoni mwake ahesabu franki 25,000. Basi kila chumvi inapokwisha, na kila karo ya shule inapochelewa, humtazama mjane yule kwa jicho baya. Mwisho amwambia mumewe: “Baba watoto, acha kumlisha jirani, nasi tutapata raha.” Mume aacha. Mwezi wa pili chumvi yakwisha tena kama kwanza, na karo yachelewa tena, kwani upungufu wa nyumba haukutoka katika zile franki 1,000. Lakini kwa mjane moto wa jikoni umezimika.

Mfano huu tumeutunga. Lakini jambo lenyewe si la kutunga. Limetokea katika mataifa yenye nguvu kuliko yote duniani, na matokeo yake yamefika mpaka Goma na Bukavu. Ndiyo sababu twaona vema kulieleza polepole, ili kila baba na kila mama apate kulifahamu.

WALIULIZWA, WAKAJIBU

Katika nchi ya Marekani kuna desturi ya kuwauliza raia maoni yao juu ya mambo ya serikali. Miongoni mwa maswali wanayoulizwa tangu miaka mingi ni hili: “Katika fedha zote serikali yako inazotumia kwa mwaka, wadhani sehemu gani hutolewa kuyasaidia mataifa mengine?”

Mwaka 2010 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Maryland waliuliza swali hilo. Jibu la katikati, yaani lile ambalo nusu ya watu walitaja chini yake na nusu juu yake, lilikuwa sehemu 25 katika 100. Wakaulizwa tena: “Na kwa maoni yako, ingefaa kutoa sehemu gani?” Jibu la katikati likawa sehemu 10 katika 100. Mapema mwaka 2025 shirika la Kimarekani liitwalo KFF, linalochunguza mambo ya afya, liliuliza tena. Mara hii makadirio ya watu yalikuwa, kwa wastani, sehemu 26 katika 100. Watu zaidi ya 8 katika 10 walitaja kiasi kilichopita kweli.

Basi kweli ni nini? Tutazame hesabu ya mwaka 2023. Mwaka ule serikali kuu ya Marekani ilitumia dola miliari 6,100 hivi. Na miliari moja, tukumbuke, ni milioni elfu moja. Katika hizo, msaada kwa nchi za nje ulikuwa kama dola miliari 72. Mwenye kalamu na agawe mwenyewe: ataona kwamba ni sehemu moja katika mia, na kidogo juu yake.

Sasa tufikiri juu ya majibu yale ya mwaka 2010. Watu walitaka msaada upunguzwe mpaka sehemu 10 katika 100, nao walidhani kwamba kwa kusema hivyo wanaifunga mikono ya serikali. Kumbe, kama serikali ingewatii neno kwa neno, ingebidi kuzidisha msaada karibu mara kumi! Hawa si watu wenye moyo mgumu. Walikuwa tayari kutoa kuliko walivyokuwa wakitoa. Walikosea hesabu tu.

WAINGEREZA NAO

Tusidhani kwamba ni kosa la taifa moja. Mwaka 2013 wachunguzi wa Ipsos MORI, pamoja na wataalamu wa hesabu na wa King's College London, waliwauliza Waingereza: “Serikali yenu hutumia fedha nyingi zaidi katika mambo gani?” Watu 26 katika 100 waliuweka msaada wa nchi za nje kati ya mambo mawili au matatu yanayokula fedha kuliko yote. Waliotaja msaada walikuwa wengi kuliko waliotaja pensheni za wazee. Lakini pensheni zilimeza pauni miliari 74, na msaada pauni miliari 8 kasoro kidogo, ndiyo kusema kama sehemu moja katika mia ya matumizi yote ya serikali.

KOSA LATOKA WAPI?

Mtu atauliza: “Inawezekanaje watu waliosoma, wenye magazeti na redio katika kila nyumba, wakose namna hiyo?” Twaona sababu nne.

Ya kwanza ni ukubwa wa jina la hesabu. Asikiaye “dola miliari 72” hushtuka, na haki yake, kwa maana hakuna mtu awezaye kuziona fedha hizo kwa macho yake. Lakini haulizi: “Miliari 72 katika ngapi?” Ndoo moja ya maji ni nyingi kwa mtu aliyeibeba kichwani kutoka mtoni, lakini ziwa Kivu halipungui kwa sababu ya ndoo moja.

Ya pili ni kwamba msaada huonekana kwa macho, na matumizi makubwa hayaonekani. Gunia la unga na kopo la mafuta lenye herufi USA hupigwa picha, na picha huingia katika magazeti. Ni nani apigaye picha ya mzee anayepokea pensheni yake mjini Chicago? Hata hivyo huko ndiko fedha zinakokwenda. Mwaka 2023 pensheni za wazee, wajane na vilema zilichukua sehemu 22 katika 100. Matibabu ya wazee na maskini wa Marekani yenyewe yalichukua kama sehemu 24, jeshi kama 13, na faida ya madeni kama 11. Kwa hiyo Marekani hujisaidia kwanza wenyewe, wala hatuwalaumu, maana kila baba hulisha kwanza watoto wake.

Ya tatu ni kuchanganya mambo. Wengi huhesabu gharama za vita vya Iraki na Afuganistani pamoja na msaada, kwa kuwa zote zilitumika ng'ambo. Tena wazee wakumbuka, au wamefundishwa shuleni, mpango ule mashuhuri wa George Marshall. Mwaka 1947 alitangaza kwamba Marekani itaziinua nchi za Ulaya zilizobomolewa na vita. Tangu mwaka 1948 nchi 16 zilipata dola zaidi ya miliari 13 kwa miaka minne hivi, na wakati ule mzigo ulikuwa mzito kweli katika hesabu ya serikali. Sifa ya mpango ule imebaki katika fikira za watu, hali mzigo wenyewe umepungua zamani.

Ya nne ni udhaifu wa akili ya binadamu. Wataalamu wameona kwamba mtu akiulizwa kukadiria sehemu ndogo ya kitu chochote, hupenda kuikuza. Akiulizwa katika watu 100 wa nchi yake wageni ni wangapi, hutaja idadi kubwa mno. Ndivyo ilivyo na msaada. Naye mwanasiasa atafutaye kura ajua udhaifu huo, na pengine hautibu bali huutumia.

SI ZOTE ZINAZOVUKA BAHARI

Tena lazima tuseme kwamba hata ile sehemu moja katika mia haitumwi yote kwa maskini. Msaada ni neno pana. Ndani yake mna fedha za silaha kwa nchi rafiki, kama Israeli na Misri, zilizopewa nyingi baada ya mapatano yao ya amani ya mwaka 1979. Mwaka 2023 nchi iliyopata kuliko zote ilikuwa Ukraini, iliyoshambuliwa na Urusi: zaidi ya dola miliari 15.

Na chakula je? Sheria ya chakula cha msaada ilitiwa sahihi na Rais Eisenhower mwaka 1954. Kwa miaka mingi ilitaka nafaka zinunuliwe kwa wakulima wa Marekani wenyewe, na sheria nyingine ilitaka walau nusu ya mizigo ichukuliwe na meli zao. Basi mkulima wa Kansas alilipwa, mwenye meli alilipwa, na mwisho mwenye njaa alikula. Hatusemi kwamba ni vibaya mtoaji apate faida. Twasema tu kwamba mtu asidhani kila dola ya msaada ni dola iliyotupwa mbali.

Lakini tusiwe wachoyo wa sifa. Mwaka 2003 Rais George W. Bush alianzisha mpango mkubwa wa kupigana na UKIMWI, uitwao PEPFAR. Mamilioni ya watu walio hai leo wangalikuwa kaburini bila dawa zake. Katika nchi yetu umefanya kazi Kinshasa, Haut-Katanga na Lualaba, na wako akina mama huko waliozaa watoto wasio na ugonjwa kwa sababu walipata kidonge kila siku.

KIDOGO KWAO, KIKUBWA KWETU

Hapa tumefika kwenye kiini cha maneno yetu. Fedha zile zile ni kidogo katika nyumba ya mtoaji, na ni nyingi katika nyumba ya mpokeaji.

Kwa mwaka 2024 bajeti yote ya serikali ya Kongo ilikadiriwa kuwa karibu dola miliari 16. Katika hizo ilipasa walipwe askari, waalimu na waganga, zitengenezwe barabara, na kuendeshwa mambo yote ya nchi yenye watu zaidi ya milioni 100. Serikali ya Marekani hutumia kiasi kama hicho kwa siku moja. Tumesema siku moja, wala si mwezi.

Mwaka ule ule wa 2024, kwa maneno ya wakuu wa Umoja wa Mataifa katika Kongo, kama sehemu 70 katika 100 za fedha za kuwasaidia wakimbizi na wenye shida katika nchi yetu zilitoka Marekani. Basi chembe iliyokuwa haionekani kule Washington ilikuwa huku hema, maji safi, unga na dawa.

MWAKA 2025

Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa mara ya pili, Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha msaada wa nchi za nje kwa siku 90. Baada ya siku chache watu wa mashirika waliagizwa kuacha kazi. Juma lile lile vita viliingia mjini Goma, na mwezi wa Februari vikafika Bukavu. Mamia ya maelfu ya watu walikuwa njiani, vichwani magodoro, migongoni watoto. Hivyo mahitaji yalipanda na msaada ukashuka kwa wakati mmoja.

Ni kweli kwamba baadaye ilitolewa ruhusa ili kazi za kuokoa maisha ziendelee, lakini malipo yalichelewa, na waliokwisha kufunga milango hawakuweza kuifungua kwa siku moja. Tarehe 10 Machi waziri Marco Rubio alitangaza kwamba sehemu 83 katika 100 za kazi za USAID, idara ile iliyoundwa na Rais Kennedy mwaka 1961, zimefutwa. Miongoni mwa zilizokatwa ilikuwamo kazi ya kuwaletea dawa za haraka wanawake waliotendewa jeuri katika vita vya mashariki ya Kongo. Dawa hizo hazina maana zikichelewa zaidi ya siku tatu. Tarehe 1 Julai USAID iliacha kabisa kazi yake ya kutoa msaada, na yaliyosalia yakatiwa mikononi mwa wizara ya mambo ya nchi za nje.

Uingereza nayo ilipita njia hiyo. Ilikuwa imetimiza mwaka 2013 ile ahadi ya mataifa tajiri, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1970, ya kutoa senti 70 katika kila dola 100, yaani sehemu 0.7 katika 100 ya mapato yote ya taifa. Mwaka 2021 ilishuka mpaka 0.5. Februari 2025 ilitangaza kwamba itashuka mpaka 0.3 ifikapo mwaka 2027, ili jeshi lipate zaidi. Kwa mwaka 2023 nchi zilizofikia ahadi ile zilikuwa tano tu: Norwe, Luksemburgi, Uswidi, Ujerumani na Denmarki. Marekani, iliyotoa mwaka ule fedha nyingi kuliko zote kwa hesabu ya dola, ilifikia 0.24 tu kwa kipimo cha mapato yake.

Twarudi kwa mama wa nyumba katika mfano wetu. Je, chumvi yake imeongezeka? Mwaka 2023 serikali ya Marekani ilitumia kuliko ilivyopata, na upungufu wake ulikuwa kama dola miliari 1,700. Kama ingalifuta msaada wote, pasipo kubakiza hata kidonge kimoja, upungufu ungalibaki zaidi ya miliari 1,600. Mjane aliachwa na njaa, na deni likabaki dukani.

Hatusemi kwamba Wamarekani walidanganyika wote. Wako waliojua hesabu, nao walitaka msaada upunguzwe kwa sababu nyingine: kwamba mwingine ulipotea njiani, kwamba wakuu wengine waliula, kwamba mataifa yanapaswa kujitegemea. Hayo ni maneno ya kujadiliwa kwa haki, na baadhi yake ni kweli. Lakini mjadala wa haki hauwezi kuanza hali watu hudhani sehemu moja katika mia ni robo.

NASI TUNAKOSA

Tusiwacheke wenzetu wa ng'ambo. Hata sisi tuna makosa yetu.

Wako kwetu wanaosema: “Wazungu hutuma mali nyingi mno, tusipoiona, imeibwa yote.” Wizi upo, nao ni aibu. Lakini hata kama kila dola ingefika, isingetosha kujenga barabara zote zinazoharibiwa na mvua. Fedha za kutunza wakimbizi hazikutumwa kujenga madaraja.

Wako wengine wanaosema: “Hospitali ni ya mradi, kisima ni cha mradi, shule itapata mfadhili.” Hao wamesahau kuiuliza serikali yao yenyewe juu ya kodi wanayoitoa kila siku sokoni na barabarani. Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwaka 2025 umetuonyesha kwamba sahihi moja, iliyotiwa usiku mmoja katika mji wa mbali, yaweza kufunga zahanati ya kijiji.

Na wako wanaowasahau watoaji wakubwa kuliko wote. Mwaka 2023 misaada yote ya mataifa tajiri ilikuwa kama dola miliari 224. Mwaka ule ule wafanyakazi walio ugenini waliwapelekea jamaa zao katika nchi za kipato kidogo na cha kati dola zaidi ya miliari 600. Kijana anayeosha vyombo Brussels, binti anayewatunza wazee Kanada, fundi aliye Johannesburg: hao wote, pamoja na wenzao wa dunia nzima, walitoa karibu mara tatu ya serikali zote za matajiri. Hakuna bendera juu ya bahasha zao, kwa hiyo hakuna apigaye picha.

TUFANYE NINI?

Lipo jambo moja la kututia moyo katika uchunguzi ule wa KFF wa mwaka 2025. Kabla ya kuambiwa kweli, karibu watu 6 katika 10 walisema Marekani inatoa mno. Walipoelezwa kwamba ni sehemu moja tu katika mia, waliobaki na wazo hilo walikuwa mmoja tu katika kila watatu. Hakuna aliyewahubiri wala aliyewakemea. Walionyeshwa hesabu, basi.

Kwa hiyo, enyi wazazi, wafundisheni watoto wenu maswali mawili kila wasikiapo habari ya fedha, iwe ya serikali, ya chama au ya nyumbani. La kwanza: “Ni kiasi gani?” La pili, ambalo wengi hulisahau: “Katika kiasi gani?” Mtoto aliyezoea kuuliza swali la pili hatadanganywa upesi na mwenye kutafuta kura. Wala hatamchukia jirani bure.

Na ninyi akina baba, mwambieni mama wa nyumba kiasi mnachompa mjane. Fedha zinazotolewa gizani hukua katika mawazo ya watu, hata zikaonekana kuwa mali yote ya nyumba. Zikihesabiwa mezani, mbele ya jamaa yote, huonekana zilivyo: franki 1,000 katika franki 100,000. Huenda basi mama mwenyewe, akiisha kuona, atasema: “Kumbe ni hizo tu? Mwongezee kidogo.” Maana kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.